Mtukanaji wa Uwele FC

Siku hizi ukifika Ipagala ukauliza uwanja wa Uwele FC, kijana wa bajaji anakupeleka mpaka kwenye ukuta wa ghorofa la watu, anakuonesha kwa kidole, anasema, "Uko nyuma ya hapo, mama." Nyuma ya hapo! Uwanja uliokuwa ukionekana tangu barabara kubwa, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuonekana. Lakini tuuache ukuta wa watu. Nina hasira za karibu mimi, na nikianzia kwenye ukuta hatutafika kwenye mpira.

Uwele FC aliianzisha mume wangu, marehemu Ernest, tukiwa hatujaoana bado. Yeye na vijana wenzake waling'oa miiba, wakachimbia magoli ya miti, na mistari wakaichora kwa majivu. Ndiyo, majivu. Kila Jumamosi asubuhi akina mama tulibeba majivu ya mafiga yetu kwenye ndoo tukayapeleka uwanjani, na mwanamke aliyesahau alisemwa mpaka Jumamosi nyingine. Jina Ernest alilitoa shambani. "Mahindi yana maringo," alikuwa akisema. "Mvua ikichelewa kidogo tu, yamesusa. Uwele haususi."

Kazi yangu mimi ilikuwa ngoma. Muheme ni ngoma yetu wanawake wa Kigogo. Unaibana katikati ya mapaja, unaipiga kwa viganja mpaka aliyekaa aone aibu kukaa. Mimi na Yasinta na wenzetu tulipiga muheme kwenye kila mechi ya nyumbani, na za ugenini tukipata nafasi kwenye lori. Nimepiga nikiwa na mimba ya Jenifa. Nimepiga tukiwa tumefungwa mengi mpaka mashabiki wa upande wa pili wanatuonea huruma. Ee, miaka ile! Vumbi likinyanyuka hujui nani ana mpira, lakini ngoma unaisikia.

Sasa, kwenye kona ya upande jua linakotua kulikuwa na kiti cha Mnyamwezi.

Mzee Mustapha alikuja Dodoma kwa kazi ya reli, akastaafu, akabaki. Wanyamwezi na sisi Wagogo ni watani tangu mababu zao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kichwani, wakituomba maji. Mtani anaweza kukwambia neno ambalo ndugu yako akikwambia mtapelekana baraza la kata, na wewe huruhusiwi kununa. Huyu mzee aliichukua haki hiyo akaifanya ajira. Kila mechi ya Uwele alikuwa pale kwenye kona, kofia yake ya kufuma kichwani, anatutukana.

"Nyie Wagogo! Mpira si mbuzi, hauji ukiitwa! Ufuateni!"

"Namba tatu, umeota mizizi hapo? Tukuletee maji?"

"Kipa, hiyo mikono unaitunzia ubwabwa wa harusi?"

Nami nilimjibu kutoka kwenye ngoma, "Rudi Tabora ukale michembe, viazi vyenu vikavu, wewe mbeba mizigo!" Yeye naye, "Siendi mpaka nione Mgogo anapiga pasi mbili zinafika!" Kuna watu walikuja kutusikiliza sisi, mpira ukiwa nyongeza. Nilimchukia yule mzee Jumamosi nzima, na Jumapili nikitoka kanisani nampelekea mlenda, maana aliupenda kuliko sisi wenyewe.

Ernest alikuwa na mwiko mmoja. Timu haiingii uwanjani kabla Mustapha hajaitukana. "Mnyamwezi kafika?" ndilo lilikuwa swali lake la kwanza, hata kabla ya kuuliza kama kipa kafika. Siku moja mwamuzi alishatia filimbi mdomoni, timu ya watu imeshajipanga, Ernest kawakatalia vijana wake kuingia mpaka baiskeli ya mzee ilipotokea ikilia kwi kwi. "Tusi la mtani linaondoa mkosi," aliwaambia. "La ndugu ndilo laana." Kwa hiyo sisi wenyewe, hata wacheze ujinga wa namna gani, hatukuwatukana wachezaji wetu. Kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe.

Mtoto wa mzee, Masudi, alikulia pale pale kwenye kona. Alivaa jezi yetu namba saba, mbio kama swala, chenga hana. Halafu akasoma, Serikali ilipohamia Dodoma akapata kazi ofisini, akajenga Area D, akaanza kuvaa tai. Sina neno na tai. Neno ninalo na alichokuja kutaka.

Uwele ilikaa ligi ya mkoa miaka mingi, ikiponea chupuchupu kila msimu. Masudi na wenzake wa ofisini walitaka timu yao, na hawakutaka kuanzia chini wilayani kama tulivyoanza sisi. Njia ya mkato ipo, watu wa mpira wanaijua: unanunua timu iliyopo kwenye ligi, unaibadilisha jina, unaihamisha, basi. Wakamwendea mwenyekiti wetu, Sostenes. Jina jipya walikuwa nalo mfukoni: Kapitali Siti. Kapitali Siti! Nililitamka mara moja tu, nikatamani kusukutua mdomo.

Ernest alikataa. Alikataa kwenye kikao, alikataa nyumbani, alikataa akiwa kitandani presha imempanda. "Zipora," aliniambia, "mimi nikiondoka, Uwele ndiyo itakayobaki kunitaja." Na kabla mvua hazijaanza akaondoka kweli.

Tulimzika kwao, Mvumi. Watu walijaa. Mchungaji ameshafungua kitabu, jeneza limeshatiwa kamba, mara naona kofia ya kufuma inazama ardhini. Mzee Mustapha, na umri ule, na magoti yale, alikuwa ameteremka kaburini.

"Sitoki," akasema kutoka chini.

Wageni wa mjini walishangaa, sisi hatukushangaa. Mtani msibani ana ruhusa. Anaweza kumuiga marehemu anavyotembea, anaweza kuzuia jeneza, anaweza kukaa kaburini mpaka apewe chake. Mchungaji akafunga kitabu akasubiri. Kaka yake Ernest akaleta jogoo.

"Jogoo gani huyu?" mzee akauliza. "Mmemnyima uwele mpaka kawa njiwa, halafu ndio mnanipa mimi? Rudisheni bandani. Namtaka Sostenes."

Mwenyekiti akasogea ukingoni, suruali yake ya msiba imejaa vumbi jekundu.

"Niahidi hapa, huyu akisikia," mzee akasema, akionesha jeneza kwa kidevu. "Uwele haiuzwi."

Sostenes akamtazama Masudi. Masudi alikuwepo, tai yake ameitumbukiza ndani ya shati, ameshika sepetu akingoja zamu ya kufukia. Alisikia baba yake anachosema, akainamisha kichwa.

"Mzee, timu haina kocha sasa. Hata mipira imebaki ya kuazima," Sostenes akasema. "Nakuahidi msimu huu mmoja, mpaka mechi ya mwisho. Baada ya hapo tutaona."

"Milele!"

"Msimu mmoja, mzee wangu."

Nikamwona Mustapha anapapasa magoti. Udongo wa chini una baridi. "Haya, msimu mmoja," akasema. "Nitoeni upesi. Nikilala na Mgogo humu ataniomba shuka." Watu wakacheka, nami nikacheka, siku ya kumzika mume wangu. Kwetu hakuna anayevunja ahadi aliyompa mtani kaburini. Timu ikapona, kwa msimu mmoja.

Msimu wenyewe sasa. Jamani!

Nahodha wetu Damas ndiye akawa kocha huku anacheza. Akipiga kelele anasahau mpira, akikumbuka mpira anasahau kupiga kelele. Mechi ya kwanza tukafungwa. Ya pili tukafungwa na kipa akavimba jicho. Kongwa tulikwenda tukala matano, na wakati wa kurudi lori likaharibika njiani, tukalala humo humo kwenye marundo ya jezi zenye jasho. Tulipopata sare yetu ya kwanza watu walishangilia mpaka wapinzani wakadhani tumechukua kombe. Kufika katikati ya msimu tulikuwa mkiani, tumeng'ang'ania hapo kama kupe.

Mashabiki wakaanza kupungua. Mmoja ana harusi, mwingine ana mgeni, mwingine haumwi wala hana harusi, hayupo tu. Hata majivu yakawa shida. Zamani kila nyumba ilikuwa na mafiga. Sasa Ipagala wanapikia gesi, ukigonga geti kuomba majivu unaangaliwa kama mchawi. Mimi na Yasinta tukawa tunazunguka kwa mama lishe na wachoma mishikaki kuokoteza. Mistari ikawa myembamba, ukiitazama unaona kabisa tumeishiwa. Kuna Jumamosi nilichora duara la kati peke yangu, nikaona kama namchorea Ernest, nikakaa chini pale pale katikati ya uwanja nikalia. Sina aibu kusema. Nilimkumbuka anavyosimama pale na filimbi yake shingoni, miguu yake ya matege, anauliza Mnyamwezi kafika.

Mnyamwezi alifika kila mara. Na alitutukana kila mara, tena mwaka huo kuliko miaka yote.

"Hivi wewe huchoki?" nilimuuliza siku moja tulipofungwa nyumbani na timu ambayo hata viatu haikuwa navyo vya kutosha. Nilikuwa na hasira, nikamwendea mpaka kwenye kiti chake. "Huoni tunakufa? Bora ungewaacha wauze siku ile ile, tujue moja."

Akanitazama. Macho yalishaanza kuwa ya njano. "Mtani," akasema, "siku nikinyamaza ndio mjue mmekufa. Kwani umeniona nikiwatukana hao waliotufunga? Sina habari nao." Kisha akaongeza, "Na mlenda wa Jumapili ulikuwa na chumvi nyingi. Unataka kunifuatisha na mumeo?"

Alisema "waliotufunga." Kutufunga sisi, yeye akiwemo. Nilikwenda na neno hilo nyumbani.

Miezi ya mwisho tukaamka kidogo, sijui kwa nguvu gani. Tukashinda nyumbani, tukatoa sare, tukashinda tena kwa bao ambalo mpira uligonga kisogo cha Damas akiwa ameangalia kwingine. Ikabaki mechi moja, ya ugenini, Mvumi. Tukitoka sare tunabaki kwenye ligi. Tukifungwa tunashuka, na timu iliyoshuka bila kocha wala mfadhili haipandi tena, inatawanyika tu kila mtu na njia yake.

Wiki hiyo hiyo mzee Mustapha akaanguka bafuni. Masudi akaja kumchukua, akampeleka kwake Area D.

Mvumi tulikwenda na lori, wanawake na ngoma zetu, Sostenes mbele na dereva. Tulipita karibu na makaburi, nikashuka dakika moja nikamwambia Ernest tumekuja. Uwanjani kulijaa. Damas akawakusanya vijana pembeni, akageuka kunitazama mimi, na najua alichotaka kuuliza. Mnyamwezi kafika? Hakuuliza. Wakaingia hivyo hivyo, hawajatukanwa.

Kipindi cha kwanza kikawa cha maiti. Bao likaingia mapema, mpira mwepesi, kipa wetu kauangalia unapita kama anaangalia gari la mjomba. Tulipiga muheme mpaka viganja vikawaka, lakini ngoma ilikuwa inaangukia kwenye kimya. Vijana walikuwa wanageuka kuangalia kona, wanaangalia mahali ambapo hata si uwanja wetu, hata kiti hakipo. Namba tatu alisimama mikono kiunoni. Tusi likanijaa mdomoni, nikaling'ata. La ndugu ndilo laana. Siku nikinyamaza ndio mjue mmekufa, mzee alisema, na kweli ilikuwa hivyo.

Wakati wa mapumziko nikatoa simu nikampigia Masudi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mpe baba yako simu."

"Mama, baba hana sauti. Anaongea kwa kunong'ona tu, ukikaa mbali humsikii."

"Basi kaa karibu. Mwambie Wagogo wamefungwa moja Mvumi na wamelala wamesimama."

Nikasikia kitanda kinalia. Nikasikia kikohozi, kisha kicheko kile chake cha puani. Halafu Masudi akarudi kwenye simu, sauti ya ofisini kabisa. "Anasema... Hapana, mama. Mimi siwezi kusema hivi."

"Masudi! Sema!"

Tulikuwa na kipaza sauti cha mkononi, cha kwaya, Yasinta alikuja nacho kwa ajili ya nyimbo. Nikakiwasha, nikaiweka simu sauti ya juu, nikavigandanisha. Timu zilikuwa zinarudi uwanjani. Na uwanja mzima wa Mvumi ukasikia:

"Anasema, nyie Wagogo, mmekwenda huko kucheza mpira au kumzuru marehemu? Marehemu mwenyewe ana mbio kuliko nyie!"

Vichwa vyote vikatugeukia. Kisha Damas akaanza kucheka. Akashika tumbo. Kipa akacheka, namba tatu akacheka, na wenyeji nao wakacheka, maana nao ni Wagogo, tusi liliwahusu. Sisi tukabana ngoma.

Dakika zote zile mzee alikuwa ananong'ona kule Area D na mtoto wake anatukana huku Mvumi. Mimi nilikuwa namwambia Masudi kinachoendelea, yeye anamwambia baba, baba anarudisha. "Anasema namba tatu ameota mizizi, apewe mbolea!" "Anasema hiyo kona mnaipiga kama mnamwagia bustani!" Mwanzo alikuwa anatanguliza "anasema" kila mara, mtoto wa adabu. Nikaja kugundua "anasema" imepotea. "Damas, funga mdomo fungua miguu!" ilisema simu, na hadi leo sijui hilo lilikuwa la baba au la mtoto.

Damas alifungua miguu. Dakika za lala salama tukapata kona, watu wakarundikana kama mnadani, mpira ukadunda, ukagonga goti la mtu, ukamkuta Damas, akaupeleka wavuni kwa nguvu mpaka yeye mwenyewe akaufuata ndani. Sikumbuki kama nilipiga ngoma au niliitupa. Nakumbuka nilipiga kelele kwenye simu, "Limeingia! Masudi, mwambie limeingia!" na upande wa pili nikasikia mtu mzima wa tai analia.

Sare. Tulibaki kwenye ligi. Tulikwenda makaburini timu nzima na majasho yao, tukapiga muheme mpaka jua likazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimzike sikuwa na uzito kifuani.

Uzito ulirudi kwenye lori. Sostenes alikuja kukaa nyuma na sisi, karibu nami.

"Mama Jenifa," akasema, "ahadi ya mzee ilikuwa msimu mmoja. Umekwisha. Wale wa ofisini walishasema, tukibaki kwenye ligi wanakuja kusaini wiki hii." Nikamwangalia. Hakuwa mtu mbaya, Sostenes. "Wewe unaona mwenyewe. Majivu yenyewe tunaomba. Wao watawanunulia vijana hata viatu."

Nilitaka kumsukuma atoke kwenye lori. Yaani tungeshuka daraja tungekufa na jina letu, na sasa tumepona ili tuuzwe. Damas na wenzake walikuwa wanaimba, hawana habari. Nikaikumbatia ngoma yangu mpaka Ipagala.

Mzee Mustapha akafariki kabla hawajasaini. Alikwenda alfajiri, usingizini.

Habari ziliponifikia nilifanya vitu viwili. Nililia, kisha nikachukua ngoma. Nikampitia Yasinta na wanawake wengine, tukajipakia kwenye bajaji tukaenda Area D. Njiani Yasinta akaniuliza, "Msiba wa Kiislamu huu, ngoma ya nini?" Nikamwambia hatuendi kupiga.

Tulikuta wameshamwosha na kumswalia, wanaume wanalinyanyua jeneza kulitoa. Nikalaza muheme yangu chini kwenye geti, nikakaa juu yake. Wenzangu wakakaa kushoto na kulia. Geti likazibika.

"Mama, maiti haicheleweshwi," shehe akasema.

"Najua, shehe wangu. Mimi ni mtani wake."

Wazee wa Kinyamwezi waliokuwa wamekuja na treni kutoka Tabora kumuuguza wakaangua kicheko cha msibani, kile cha machozi. "Wagogo wamefika," mmoja akasema. "Tuliwangoja." Shehe akatabasamu, akarudi nyuma hatua. Wakashusha jeneza kidogo. Mtu akaniletea mbuzi amefungwa kamba.

"Mrudisheni," nikasema. "Namtaka Masudi."

Akaja. Hakuwa na tai. Alikuwa na kanzu, na kwenye kanzu akafanana na baba yake mpaka nikasahau nilichotaka kusema.

"Shikamoo mama," akasema. "Najua unataka nini. Unataka niiache timu."

"Hapana," nikasema. "Sitaki kitu cha kuacha. Baba yako alinipigania akiwa kaburini, wakampunguzia mpaka msimu mmoja kwa sababu ya magoti yake. Mimi magoti yangu mazima na sipunguzi. Nataka mdomo wake. Pale kwenye kona pasibaki wazi. Kila mechi ya Uwele uje ukae kwenye kiti chake, ututukane, mpaka nawe utakapokufa."

Akageuka kuwatazama wazee wa kwao.

"Na ukumbuke jambo moja, baba," nikaendelea. "Utani ni wa watu wawili. Mtu hatanii mali yake. Ukiinunua Uwele huwezi tena kuitukana, na nani atawatukana hawa watoto? Mimi siwezi. La kwangu ni laana. Chagua, uwe bwana wetu au uwe mtani wetu, na baba yako yuko hapo anasikia."

Masudi alilitazama jeneza. Kisha akachuchumaa mbele yangu, akashika ngoma yangu kwa mikono miwili, akalia kama alivyolia kwenye simu. "Nilikuwa nimemtegea sikio mdomoni," akasema. "Siku ile ya Mvumi. Alicheka mpaka akalala. Nitakuja, mama. Nitakuja."

Nikainuka. Nikaichukua ngoma yangu. Wakampitisha mtani wangu, nami nikamwambia akipita, kwa sauti ya chini, "Nenda ukale michembe." Hakunijibu. Ndipo nilipoamini amekufa.

Masudi akazungumza na wenzake wa ofisini, Kapitali Siti wakatafuta timu nyingine, sijui wapi, sina habari nao. Sostenes alinung'unika mpaka akachoka. Masudi alitununulia viatu, kimya kimya, nami nikajifanya sijui.

Msimu mpya ukaanza. Mechi ya kwanza nyumbani, mimi na Yasinta tumechora mistari kwa majivu ya mishikaki, Damas kawapanga vijana pembeni. Safari hii aliuliza kwa sauti. "Mnyamwezi kafika?"

Alikuwa amefika. Amekaa kwenye kiti cha baba yake, kwenye kona, viatu vyake vyeusi vimepauka vumbi. Watu wote wakamgeukia. Akasimama, akakohoa, akasema, "Jamani, naomba safu ya ulinzi izingatie mpangilio."

Uwanja ukafa kwa kicheko. "Hilo ni tusi au ni taarifa ya kikao?" Yasinta akapiga kelele. Masudi akaona haya, akakaa. Vijana wakaingia, hawajatukanwa sawasawa, na kabla vumbi halijatulia tulishafungwa. Namba tatu alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

Nikaona nisipomsaidia huyu mtoto tumekwisha. Nikainuka kwenye ngoma. "Wewe Masudi! Baba yako alikuzaa au alikuokota stesheni? Mnyamwezi gani hana mdomo?"

Akaruka kwenye kile kiti kama kimewaka moto. Mishipa ya shingo ikamsimama. "Nyie Wagogo!" akapayuka, na ilikuwa sauti ile ile, mwanzo mpaka mwisho, hata kile kikohozi cha katikati. "Mpira si mbuzi, hauji ukiitwa! Ufuateni!"

Damas alisimama akageuka kuangalia kona. Namba tatu akashusha mikono, akaanza kukimbia.

Masudi alikuwa ananitazama, anangoja. Zamu ilikuwa yangu. Machozi yalikuwa yananitiririka mpaka kwenye ngozi ya ngoma, lakini mtani haachwi bila jibu.

"Rudi Tabora," nikamwambia, "ukale michembe!"